Sauti Zilizomo Ndani ya Bati: Kununua na Kutunza Tepu Rekoda ya Rili

Miaka miwili iliyopita, tulipokuwa tukigawana vitu vya marhumu baba yetu katika nyumba ya Mji wa Kale, lilibaki bati moja la biskuti ambalo hakuna mrithi aliyelitaka. Ndani yake mlikuwa na rili saba za utepe wa sauti. Juu ya kasha la mojawapo marhumu alikuwa ameandika kwa wino, kwa herufi za Kiarabu: "Mama, siku ya harusi." Nyanya yetu huyo alifariki kabla hatujazaliwa. Katika waliokuwapo chumbani siku ile, aliye hai ni shangazi yetu mmoja tu, naye masikio yake yameanza kuwa mazito. Tukatambua kwamba mbele yetu mna vitu viwili vinavyokwisha kwa pamoja: utepe unaochakaa, na mtu pekee awezaye kutuambia sauti ile ni ya nani.

Huenda nawe, ndugu msomaji, una bati kama hilo juu ya kabati. Kabla ya kaseti ndogo, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka wa 1963, aliyetaka kuhifadhi sauti nyumbani alitegemea mashine ya rili. Utepe wake una upana wa milimita 6.35 tu. Ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma wenye sumaku, na maneno yote yamo katika unga huo. Ukibanduka, maneno yamekwenda nao.

Sisi tulianza kwa kukosea. Tulinunua kwa muuzaji wa ng'ambo mashine kubwa ya kupendeza, yenye mishale inayocheza ndani ya vidirisha vya kioo, tukaambiwa ni nzima. Siku ilipofika tukaichomeka kwenye umeme, tukaweka rili isiyo na maandishi. Zilitoka sauti za kasi mithili ya ndege wanaogombana, kisha utepe ukajisokota kwenye kigurudumu cha mpira kilichokuwa kimegeuka gumu kama kwato. Kiasi cha dhiraa moja ilikunjamana isifae tena. Kwa mwendo uliotumika kurekodi, dhiraa moja ni kama sekunde kumi. Ni nani aliyekuwa akizungumza katika sekunde hizo, hatutajua.

Tulipompelekea fundi mmoja mzee wa redio, aliitazama mashine kwa muda, akasema, "Wanangu, kitu kimelala miaka arobaini. Hata mtu haamshwi kwa kumwagiwa maji." Alitueleza kwamba kapasita za zamani huharibika zikikaa bila umeme, na zikipewa nguvu zote kwa ghafla huweza kupasuka na kutoa moshi. Yeye huwasha mashine kama hiyo kwa transfoma ya kupandisha volti polepole, baada ya kuifungua na kuikagua. Ndani mna umeme wa kuua, kwa hivyo hiyo ni kazi ya fundi, si ya kijana wa nyumbani mwenye bisibisi.

Kosa letu kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa kuchagua mashine kwa macho. Ilitupasa kuanza na tepe zetu, kisha tutafute mashine inayozifaa. Tepe nyingi za nyumbani zilirekodiwa kwa mwendo wa sentimita 9.5 au 4.75 kwa sekunde, kwa kuwa mwendo mdogo huokoa utepe. Mashine kubwa zinazosifiwa leo aghalabu hazina huo wa 4.75, Revox A77, iliyotoka mwaka wa 1967, katika umbo lake la kawaida ina 9.5 na 19 pekee. Utepe wa polepole ukichezwa kwa kasi maradufu, kompyuta inaweza kuurudisha katika mwendo wake baadaye, lakini huwezi kumketisha mzee asikilize pale pale.

Kisha mna njia za sauti. Mashine nyingine ziligawa upana wa utepe mara mbili, nyingine mara nne. Utepe wa njia nne ukisomwa na kichwa cha njia mbili, utasikia mazungumzo mawili kwa wakati mmoja, na moja likienda kinyumenyume. Tazama pia ukubwa wa rili: zetu zote zilikuwa za sentimita 13.

Mwenye jamaa Marekani asikimbilie kuagizia huko. Mashine za kule zilitengenezewa umeme wa takriban volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali wetu ni volti 240 na mizunguko 50. Transfoma itashusha volti lakini haitagusa mizunguko, na mota nyingi za zamani hufuata mizunguko hiyo; mwendo utapungua kwa sudusi moja, na kila bibi harusi atakuwa na sauti ya mwanamume.

Hatimaye tulipata Uher 4000 Report, mashine ndogo ya Kijerumani ya kubebwa begani, ambayo waandishi wa redio waliipenda sana. Ina miendo minne na hupokea rili za sentimita 13 bila matata. Safari hii tulimtaka muuzaji atutumie video ya utepe ukicheza, ukienda mbele na ukirudi nyuma, na picha ya karibu ya vichwa vya kusomea. Kichwa kilicholika sana huonyesha bonde ambalo hata ukucha hulihisi.

Utepe nao una maradhi yake. Ukinusa harufu ya siki, plastiki yake inaoza. Uuweke mbali na wenzake, na uwe wa kwanza kunakiliwa. Ukiona ukungu mweupe, usiucheze, wala usiupulizie nyumbani penye watoto. Na ukisikia unalia na kunata unapopita, simamisha papo hapo, kwani ule unga unakwanguka.

Matunzo ya mashine ni machache, ila kwetu Pwani, kwa unyevu na chumvi hii, hayataki uvivu. Kabla ya kila rili tunapangusa vichwa na njia ya utepe kwa pamba yenye spiriti safi, na kigurudumu cha mpira kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha tunasubiri pakauke kabisa. Mafuta ni tone moja tu, pale kitabu chake kinapoelekeza. Tunaiwasha walau mara moja kwa mwezi, tunaifunika, na haikai kamwe karibu na dirisha la baharini. Rili tunazisimamisha wima kama vitabu, mbali na spika, maana ndani ya spika mna sumaku.

Kila utepe tuliucheza mara moja tu, huku kompyuta ikinakili. Tuliihifadhi nakala kamili, isiyobanwa, mahali pawili, na mchezo wa kurudia rudia tukaufanyia nakala.

Juma lililofuata tulimwendea shangazi, tukamvisha vipokea sauti masikioni. Sisi tulikuwa tumeisikiliza ile rili ya harusi siku saba, na tulikwisha kuipenda sauti moja ya kike, nzito, yenye kuamrisha, iliyotawala chumba kizima. Hata watoto wetu walikuwa wakiiga maneno yake. Shangazi alisikiliza kwa utulivu, kisha akatikisa kichwa.

"Huyo siye mama," akasema. "Huyo ni jirani yetu wa mlango wa pili. Mama hakuwa msemaji. Mama ni yule anayecheka kule nyuma."

Akatuomba turudishe.