Kachero wa Unguja kwenye daftari la Bokoli

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kilianzia ukurasa wa 9 na kukatikia katikati ya sentensi, na mtu fulani alikuwa amekishona mgongoni kwa uzi wa gunia, ule mnene wa kufungia mahindi. Khocha wangu, yaani mjomba, alikuja nacho kutoka Kitale alikokuwa akifanya kibarua shambani. Akanikabidhi na kusema, "Chukua, wewe unayependa maneno." Nilikuwa darasa la saba.

Ndani mlikuwa na mtu wa Unguja mwenye kiko, aitwaye Bwana Msa. Alikuwepo rafiki yake Najum, anayeona kila kitu na kuelewa nusu yake. Alikuwepo pia Inspekta Seif wa polisi. Palikuwa na maiti na ukoo wenye siri, na maneno ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia Bokoli, wala kutoka kwa mwalimu. Nilisoma mara tatu. Kila nilipofika mwisho, Bwana Msa alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa kumtaja muuaji, na hapo karatasi zinaisha.

Tulikuwa jirani na Webuye, ambako kiwanda cha Pan Paper kilitengeneza karatasi ya nchi nzima hadi kilipofungwa mwaka 2009. Upepo ukigeuka, harufu yake ilitufikia. Karatasi ilikuwa karibu hivyo, lakini kitabu cha hadithi kilikuwa adimu kama mvua ya Januari. Sikuwa na mahali pa kuzitafuta kurasa zilizokosekana. Nikachukua daftari na kuziandika mwenyewe. Nilimchagua muuaji, nikamtafutia sababu, nikamweka Bwana Msa amkabili mbele ya ndugu zake wote. Ndivyo nilivyoanza kuandika hadithi za kubuni.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba kitabu kile kilikuwa na ndugu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, ambayo ilitoka kitabu mwaka 1960. Kisima cha Giningi kikafuata 1968. Halafu vikaja vinne, karibu kila mwaka kimoja, vyote kutoka East African Publishing House ya hapa hapa Nairobi: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Cha saba na cha mwisho ni Kosa la Bwana Msa, 1984. Mwandishi alifariki 1991. Jina Msa, kwa asiyejua, ni herufi za kwanza za majina yake matatu.

Nimevisaka vitabu hivi kwa wauzaji wa inama, wale wanaotandika vitabu vikuukuu chini, kando ya barabara za Nairobi, mpaka mnunuzi ainame ndipo aone. Kimoja nilikipata chini ya rundo la vitabu vya uhasibu. Nilikifungua na kuisoma mistari miwili tu, nikajua kuwa ndicho kile cha khocha. Nilisimama pale pale, watu wakinisukuma, nikasoma kurasa za mwisho. Muuaji wangu hakuwa muuaji. Nilirudi nyuma kuzitafuta dalili zilizonipita, na zilikuwepo zote, moja baada ya nyingine, zimewekwa wazi kabisa. Siku hiyo nilijifunza mengi zaidi kuhusu ufundi wa hadithi kuliko nilivyowahi kujifunza darasani.

Lakini somo kubwa zaidi lilitangulia, nikiwa sekondari. Nilitaka kesi nyingine ya Bwana Msa, na kwa kuwa sikuwa nayo, nilimleta kwetu. Nilimtupia maiti mlimani Chetambe, pale juu ya Webuye ambapo Wabukusu walijihami ngomeni dhidi ya jeshi la Waingereza mwaka 1895. Nikamkalisha Bokoli kwenye baraza ya nyumba, anavuta kiko, watu wanapita wakimpa habari. Mwalimu wa Kiswahili aliirudisha insha na wino mwekundu pembeni: "Baraza hii iko kwa nani?"

Nililifikiria swali hilo wiki nzima. Kijijini kwetu hapakuwa na nyumba hata moja yenye baraza ya kukaliwa na wapita njia. Kachero wa Abdulla hupata ukweli kwa sababu anaishi katika mji wa watu wanaoketi nje na kuzungumza. Ukimhamisha na kumnyima hayo, anabaki mtu mgeni mwenye kiko. Basi Bokoli watu husemea wapi? Kwenye foleni ya posho, mtoni, na zaidi ya kote, matangani.

Kwetu mzee mwenye heshima akifa, huja omuswala kumuse siku chache baada ya mazishi. Hutembea huku na huko katikati ya watu, akisimulia koo, nani aliolewa wapi, nani alihama kutoka wapi na kwa nini. Hakuna anayemkatiza. Na kesi nyingi za Bwana Msa, ukizitazama vizuri, hufumbuliwa kwa kujua nani ni mtoto wa nani. Nikaandika upya, bila Bwana Msa. Safari hii omuswala kumuse anautaja ukoo wa marehemu, anaruka jina moja makusudi, kisha anamtazama aliyeinamisha kichwa. Hadithi hiyo ndiyo ya kwanza ninayoweza kuiita yangu.

Kwa hiyo namwelewa mwandishi Ken Walibora kwa namna ya pekee. Alizaliwa Baraki, Bungoma, na kukulia Cherang'any. Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema ya mwaka 1996, ilimtoa Kongowea Mswahili Tanga na kumleta hadi Kitale kumtafuta baba yake. Mimi nilimtoa mtu Unguja na kumtua Bokoli kwa mkupuo wa kalamu. Walibora alimpitisha wake njiani, kituo kwa kituo, hata alipofika huku kwetu msomaji aliamini kuwa amefika. Kifo chake jijini Nairobi, tarehe 10 Aprili 2020, alipogongwa na gari, bado kinaniuma.

Tanzania wanao mashabiki wa wahusika wa mfululizo kama Willy Gamba wake Elvis Musiba na Joram Kiango wake Ben Mtobwa, na majina hayo bado yanatajwa. Uingereza nako, Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji wakamng'ang'ania, na kufikia 1903 alikuwa amemfufua. Msomaji wa mfululizo ana nguvu hiyo: humaliza kitabu akiuliza kinachofuata ni kipi. Sisi Kenya tumezoea kitabu teule. Mwanafunzi husoma riwaya moja pamoja na mwongozo wake, hufanya mtihani wa KCSE, kisha huiuza. Nasema bila kusita kuwa tunawapoteza wasomaji hapo, na waandishi pamoja nao.

Sasa ninavyo sita. Kosa la Bwana Msa bado sijakipata. Msomaji, ukikikuta kwenye sanduku la babu au nyuma ya kabati la shule, usiache kurasa zake zikafungiwe njugu. Mpe mtoto aliye karibu nawe, hata kama jalada limeng'oka, hata kama mwisho haupo.