Ng'ambo Iliyo Hatua Chache

Chuo Kikuu cha Busitema kiko Uganda, kando ya barabara kuu itokayo Jinja kwenda Malaba. Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022, kiko Kenya, kaskazini ya mji wa Busia. Anayetoka kimoja kwenda kingine hupita kituo cha pamoja cha mpakani, na kitambulisho cha taifa kinamtosha. Je, kijana wa Alupe akienda kusoma Busitema, tuseme amesoma ng'ambo? Wazazi wengi watakataa: ng'ambo ni Uingereza au Kanada, ni kupanda ndege. Wanasaikolojia wamechunguza kuishi nchi nyingine kunambadilishaje mtu, na matokeo yao yanawahusu sana watu wa Busia na wa wilaya jirani ya Tororo, Uganda.

Mwaka 2009 William Maddux na Adam Galinsky walichapisha utafiti uliotumia fumbo la zamani. Unapewa mshumaa, kiberiti na kisanduku cha pini, kisha unaambiwa ubandike mshumaa ukutani uwake bila nta kudondoka chini. Dawa yake ni kumwaga pini zote, kukipigilia kisanduku ukutani na kuusimamisha mshumaa juu yake. Wengi hawaioni njia hiyo, maana akili imekwisha kuamua kwamba kisanduku ni cha kuwekea pini. Kati ya wanafunzi wa biashara nchini Marekani waliowahi kuishi nchi nyingine, asilimia 60 walifumbua. Kwa wasiowahi, asilimia 42. Kutembea nchi za watu kama mtalii hakukuongeza kitu.

Huenda waliowahi kuishi nje walikuwa wepesi wa akili tangu mwanzo. Shaka hiyo ni ya haki. Ndiyo maana nautegemea zaidi utafiti wa Julia Zimmermann na Franz Neyer wa mwaka 2013, waliowapima wanafunzi wa Ujerumani kabla ya kwenda kusoma nje na baada ya kurudi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Kweli, walioondoka walikuwa tofauti kidogo hata kabla ya safari. Hata hivyo walibadilika kuliko waliobaki: walizidi kupokea mambo mapya na wasiwasi wao ulipungua. Sehemu kubwa ya badiliko hilo ilitokana na marafiki wapya waliowapata ugenini.

Basi uzito uko katika kukaa na watu. Na hapa ndipo mpaka wetu unapokuwa na ugumu wake. Hadi mwaka 1902 ardhi ya pande zote mbili ilihesabiwa kuwa Uganda. Wateso na Wasamia wana shangazi na wajomba kotekote, na mtu huvuka kwenda sokoni akarudi kabla ya jua kutua. Anavuka kila wiki, lakini hajawahi kuwa mgeni. Kuhamia hosteli ya Nagongera, wilayani Tororo, ukaishi miezi kadhaa kati ya Wajopadhola, ni jambo jingine kabisa.

Nagongera yenyewe, penye kampasi ya Busitema ya sayansi na ualimu, ni darasa adimu. Vipimo vya mwaka 2011 na 2012 vilionyesha kwamba mtu mmoja hapo aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mwishoni mwa 2014 Tororo ikaanza kupuliziwa dawa kwenye kuta za nyumba, na malaria ikashuka sana. Mwanafunzi wa biolojia kutoka Kenya atakuta pale maswali ambayo wataalamu hupanda ndege kuyafuata.

Mkenya mmoja, mtaalamu wa wadudu Thomas Odhiambo, aliuvuka mpaka huo kwenda kusoma zamani. Alitoka magharibi ya Kenya akasoma Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, akaendelea hadi Cambridge, na mwaka 1970 akaanzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi.

Leo kizuizi kikubwa ni karatasi. Mganda husoma kidato cha tano na sita. Mkenya aliyeishia cha nne anaweza kutakiwa kupitia masomo ya matayarisho kwanza. Marais wa Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017, na ahadi hiyo ingepimwa vizuri hapa mpakani: mwanafunzi wa Alupe akae muhula mzima Nagongera, alale huko, afanye kazi na wenzake wa huko, na alama zake zihesabiwe akirudi.