Pesa ya paa la kanisa isikae kwa simu ya mtu

Ukipanda matatu kutoka Jamhuri Estate ukaingia tao kwa Valley Road, kabla hujafika Uhuru Highway utaona minara ya mawe ya All Saints Cathedral upande wa kushoto. Jiwe la msingi liliwekwa 1917. Aliyelichora, Mwingereza Temple Moore, alifariki 1920. Kazi ilikamilika 1952. Miaka 35! Na jengo kama hilo likishasimama, bado linataka pesa ya kulitunza.

Adui wa makanisa ya zamani ya mawe ni maji. Gata ikiziba, maji yanateremkia ukutani na mbao za paa zinaoza pole pole, hakuna anayeona. Halafu anaitwa fundi wa haraka, anaziba nyufa kwa simiti ngumu, na kumbe ukuta ulijengwa kwa chokaa. Simiti inafungia unyevu ndani, jiwe lenyewe linaanza kumomonyoka. Fundi anayejua chokaa si rahisi kupata, na si wa bei rahisi. Hapo ndipo kamati ya kujitolea inaundwa, na simu zinaanza kulia.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa kwa kamati ya paa. Tulitumia nambari ya mweka hazina wetu, mama anayeheshimika sana. Michango ikaingia: 100, 250, mtu wa ng'ambo akatuma 10,000. Lakini simu hiyo hiyo ilikuwa inapokea pesa ya chama chake na karo ya mjukuu. Baada ya miezi minne, daftari na simu zilikataa kupatana. Hakuna aliyeiba. Ila minong'ono ilianza, na mama wa watu akakaa Jumapili tatu bila kuja kanisani. Paa liliisha. Yeye hakurudi kwa kamati.

Kwa hivyo kama mnaanza, fungueni Paybill kwa jina la kanisa, iunganishwe na akaunti ya benki ambayo hakuna mtu mmoja anaweza kutoa pesa peke yake. Pale pa nambari ya akaunti, waambieni watu waandike PAA, ili mchango usichanganyike na sadaka. Ulizeni mapema ada inalipwa na nani, msije mkashangaa jumla imepungua. Halafu kila Jumapili bandikeni jumla kwa ubao wa matangazo, hata kama ni mia tano tu zimeingia.

Na wewe unayechanga, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Bango la WhatsApp ni rahisi kubadilishwa: picha ya kanisa ni ile ile, nambari ni ya tapeli. Kama jina si la kanisa, usitume. Piga simu ofisi ya parokia kwanza. Ujumbe wa kuthibitisha usiufute.

Kuna jambo moja ambalo kamati nyingi husahau. Kama jengo limetangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kuwa la kihistoria, National Museums of Kenya lazima wahusishwe kabla fundi hajagusa ukuta. Kabla ya kutuma pesa nyingi, ulizia hiyo ruhusa. Kamati iliyojipanga itakuonyesha barua bila kukasirika.