Nani ana haki ya kukupa jina? Wafalme, maaskofu na mistari mitatu ya kadi zetu

Tukisoma habari za ugomvi kati ya wafalme wa Ulaya na Kanisa katika Enzi za Kati, wengi wetu huona jambo la mbali, la kujibia mtihani tu. Mimi naona kwamba kila mkaaji wa Likasi anabeba mapatano ya ugomvi wa namna hiyo mfukoni. Yapo kwenye kadi ya mpiga kura, penye mistari mitatu: «Nom», «Post-nom», «Prénom». Nitaeleza mistari hiyo ilitoka wapi.

Tuanze Ulaya. Mfalme Heinrich IV wa Ujerumani na Papa Gregori VII waligombania swali moja: nani anamweka askofu? Askofu alikuwa mchungaji wa roho, lakini pia bwana wa ardhi na kodi, hivyo kila upande ulimtaka awe mtu wake. Mwaka 1076 mfalme alitangaza kwamba Gregori si Papa tena. Papa naye akamtenga na Kanisa. Januari 1077 mfalme alikwenda Canossa, akangoja siku tatu kwenye baridi nje ya ngome akiomba msamaha. Ugomvi haukuishia pale. Wote wawili walikufa kabla ya Mapatano ya Worms ya mwaka 1122, yaliyogawa kazi: Kanisa litampa askofu pete na bakora ya uchungaji, mfalme atampa fimbo ya enzi kwa ajili ya mali za dunia. Mtu mmoja, alama kutoka mikono miwili.

Kwetu, mwaka 1972, kilichogombaniwa kilikuwa haki ya kumpa mtu jina. Kwa mwanaisimu hilo si jambo dogo. John Austin alifundisha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda, kama «ninakubatiza». Lakini maneno hayo hufanya kazi pale tu yanaposemwa na mwenye mamlaka. Kwa hiyo, anayegombania haki ya kuyatamka anagombania mamlaka yenyewe.

Mobutu alianza na miji. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi, na Jadotville ikawa Likasi. Nkambo wangu alizaliwa Jadotville na kuolewa Likasi, wala hakuhama mtaa. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire, kwa siasa ya kurudia asili. Na hilo jina lenyewe ni neno la Kikongo «nzadi», yaani mto, lilivyotamkwa na Wareno. Katanga nayo ikapewa jina la Kiswahili, Shaba. Januari 1972 zamu ya watu ikafika. Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, na raia wakatakiwa kuacha majina ya Kikristo.

Hapo akawa amegusa ubatizo. Gazeti la Kikatoliki Afrique Chrétienne lilikosoa siasa hiyo, likafungiwa. Kardinali Joseph-Albert Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, aliondolewa katika makazi yake, akaishi Roma miezi kadhaa. Lakini Malula hakuwa mtetezi wa Uzungu. Yeye mwenyewe alipigania misa yenye sura ya Kiafrika, ambayo Roma iliikubali mwaka 1988. Wote wawili walitaka Uafrika. Waligombania nani auidhinishe.

Sheria ya Julai 1973 ikakaza mambo ya majina. Mwaka 1974 Noeli ilifutwa katika sikukuu za taifa, na mwisho wa mwaka huo serikali ikatwaa shule za Kanisa. Kuziendesha kukaishinda: mwaka 1977 ilitia saini mkataba wa kuzirudisha mikononi mwa Makanisa. Ukipenda, hiyo ndiyo Canossa ya Mobutu, bila baridi.

Na Worms yetu? Jina la ubatizo lilipoondolewa, watu waliongeza jina la mababu nyuma ya jina lao, ndilo «post-nom». Baada ya Aprili 1990, Mobutu alipokubali vyama vingi, majina ya ubatizo yalirudi waziwazi, lakini «post-nom» halikuondoka. Kanuni ya Familia ya 1987 inataka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wetu, na hata hivyo kina Marie na Joseph wamekaa zao kwenye mstari wa tatu. Serikali na Kanisa kila mmoja ana mahali pake.

Mapatano haya yana gharama. Cheti cha ubatizo cha nkambo kinamwita kwa jina moja, karatasi zake za miaka ya sabini kwa jingine. Tulipofuatilia haki za marehemu mume wake, ofisi moja ilikataa kwamba hao ni mtu mmoja. Tulirudi pale mara nne na mashahidi.

Wengine walipata ujanja. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa mji wetu huu wa Likasi na mwalimu wa zamani wa chuo kikuu Lubumbashi, alikuwa Valentin-Yves. Amri ilipokuja, akawa Vumbi Yoka. Herufi mbili za mwanzo hazikuguswa, na ndizo alizotia kwenye vitabu vyake.

Kwetu sisi tunaokusanya data uwanjani, nina pendekezo moja. Tunapoandika majina ya wazee wanaotupa habari, tusitosheke na lile lililo kwenye kadi. Tuulize kila jina lilitolewa na nani, na mwaka gani. Majibu hayo ni data ya isimu, na siku moja yanaweza kumsaidia mjane kwenye dirisha la ofisi.