Salamanda si Mjusi: Mnyama wa Chemchemi na Tatizo la Jina Lake

Mwanafunzi wa tafsiri anapokumbana na salamanda katika matini ya Kiingereza, aghalabu hukimbilia neno 'mjusi'. Kishawishi chenyewe kinaeleweka. Mnyama huyu ana miguu minne mifupi, kiwiliwili chembamba na mkia mrefu. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba tafsiri hiyo hupotosha, na ushahidi umo katika jinsi mnyama mwenyewe anavyotafutwa.

Tuchukue milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, eneo mashuhuri kwa wingi wa spishi za salamanda. Mkazi wa huko anayetaka kumwona hamtafuti juani, wanakoota mijusi. Huenda msituni penye chemchemi, maji baridi yanapochuruzika kutoka ardhini, akainua polepole jiwe bapa au gogo lililooza, kisha akalirudisha lilivyokuwa. Salamanda hujificha humo mchana, penye unyevu. Usiku, hasa baada ya mvua, hutoka kuwinda wadudu. Ngozi yake ni laini, haina magamba. Spishi nyingi za huko hazina mapafu kabisa: hupumua kupitia ngozi na utando wa kinywa, na ngozi ikikauka, pumzi hukatika. Kwa hivyo anayelazimika kumshika hulowesha mikono kwanza. Jamaa yake wa karibu ni chura, na spishi kadhaa huanza maisha majini zikiwa viluwiluwi wenye matamvua yaliyochomoza kando ya kichwa.

Kiswahili hakikuwa na sababu ya kumpa jina. Barani Afrika salamanda wa asili hupatikana kaskazini tu, katika nchi kama Moroko na Algeria. Kusini mwa Sahara hawapo. Njia iliyosalia ni utohozi: 'salamanda', ngeli ya A-WA. (Wapo watakaosikia 'salama' ndani yake, lakini asili yake ni Kiyunani, ilhali 'salama' imetoka Kiarabu.) Pale neno linapotokea mara ya kwanza, maelezo mafupi kama 'mnyama wa jamii ya chura mwenye mkia' yatamfaa msomaji.

Kosa hili lina gharama. Mnamo 2013 wanasayansi walieleza aina mpya ya kuvu iliyokuwa imekaribia kuwamaliza salamanda wa Uholanzi kwa kuwala ngozi. Mwaka 2016 Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa spishi 201 za salamanda ili kuvu hiyo isifike katika misitu yake. Akisoma kwamba 'mijusi' ndiyo iliyozuiwa, msomaji wa Kiswahili atadhani hatari imo katika wanyama wasiohusika kabisa.

Katika fasihi hali ni mbaya zaidi. Wazungu wa kale waliamini kwamba salamanda haungui. Pliny, mwandishi wa Kirumi, alisimulia kuwa mwili wake ni baridi kiasi cha kuuzima moto. Huenda imani hiyo ilizuka kwa sababu salamanda waliojificha kwenye magogo walichomoka kuni zilipowashwa. Vyovyote iwavyo, katika maandishi ya Ulaya salamanda ni ishara ya anayestahimili moto. Mfasiri akiandika 'mjusi motoni', ishara yote hutoweka, na anayebaki mbele ya msomaji ni mjusi anayeungua tu.