Je, Wajua? Maua na Ndege Wanaosema katika Picha za China

Je, wajua kwamba mchoro wa ua moja uliwahi kubeba kilio cha dola nzima? Dola ya Song iliyotawala China iliangushwa na Wamongolia mwaka 1279. Mchoraji Zheng Sixiao hakukubali kamwe kuwatambua watawala wapya. Tangu hapo alichora okidi zake bila udongo: majani machache ya wino mweusi yameelea tu katika uwazi wa karatasi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa udongo umekwenda wapi, alijibu kuwa umeibwa na wageni. Picha yake mojawapo, ya mwaka 1306, imehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa mjini Osaka, Japani. Ni picha ndogo, lakini sijui nyingine inayosema mengi hivyo kwa mistari michache hivyo.

Okidi haikuchaguliwa ovyo. Humea mabondeni mbali na macho ya watu, na harufu yake nzuri huenea hata kama hakuna wa kuisifu. Wasomi wa China waliihesabu miongoni mwa "waungwana wanne", pamoja na mplamu unaochanua theluji ingali chini, mwanzi unaoinama bila kuvunjika, na krisanthemumu isiyoogopa baridi ya vuli.

Je, wajua kwamba baadhi ya picha hizi ni mafumbo ya kusomwa kwa sikio? Yuko ndege wa jamii ya kunguru, mweusi na mweupe, mwenye mkia mrefu. Wachina humwita xique, na ile xi ya mwanzo ni neno lenye maana ya furaha. Ukimwona katua kwenye ncha ya tawi la mplamu, kumbuka kwamba mplamu, mei, hutamkwa sawa na nyusi. Basi picha inasema: furaha imepanda hadi kwenye nyusi, yaani imeonekana usoni. Kwa mchezo huo huo wa sauti, yangeyange akisimama kati ya mayungiyungi ni dua kwa mwanafunzi afaulu mitihani yake mfululizo.

Je, wajua kwamba mfalme mwenyewe alishika brashi? Huizong wa Song alikuwa mchoraji hodari, na mkali kwa wachoraji wa ikulu. Husimuliwa kwamba aliwakosoa waliomchora tausi akipanda mahali palipoinuka kwa kutanguliza mguu wa kulia. Tausi, alisema, huanza na wa kushoto. Mwanzoni mwa mwaka 1112 kundi la korongo lilizunguka juu ya lango la kasri lake mjini Kaifeng. Korongo ni ndege wa heri na maisha marefu, na mfalme aliona ni baraka ya mbinguni kwa utawala wake. Katika picha ya hariri inayohusishwa na tukio hilo wamo 20: 18 wanaruka, 2 wametua juu ya paa. Miaka 15 baadaye wavamizi wa Kijurchen waliuteka mji huo, wakamchukua mateka kaskazini, na huko ndiko alikofia mwaka 1135. Picha ingalipo, katika makumbusho ya mkoa wa Liaoning.

Heshima ya korongo haikuporomoka naye. Chini ya dola za baadaye za Ming na Qing, ofisa wa kiraia wa daraja la kwanza alivaa korongo aliyetariziwa kifuani.

Je, wajua kwamba ndege wa mchoraji Bada Shanren hukasirika? Alizaliwa mwaka 1626 katika ukoo wa kifalme wa Ming. Dola hiyo ilipoanguka mwaka 1644, akakimbilia utawa wa Kibudha. Ndege wake mara nyingi husimama kwa mguu mmoja, macho yamegeuzwa juu kwa dharau. Hata sahihi yake aliiandika ili isomeke kama "kulia" au "kucheka".

Na je, wajua kwamba lugha hii ya maua na ndege ilimletea mtu balaa hata karne ya 20? Wachina wa kale, kama wengi wa kwetu, walimwona bundi kuwa ndege wa nuksi. Mwaka 1974, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, bundi wa mchoraji Huang Yongyu, aliyechorwa akiwa amefumba jicho moja, alitundikwa Beijing katika maonyesho ya picha zilizolaaniwa. Wakosoaji walisema jicho hilo linaudhihaki ujamaa. Huang alirudia kuchora bundi miaka iliyofuata. Alifariki mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 98.