Mashine Imegoma, Majalada Yamo

Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai, 2024, saa moja na dakika tisa za asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya Kimarekani iitwayo CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kuzilinda kompyuta za wengine, ilizipelekea mashine za wateja wake faili dogo la marekebisho. Faili hilo lilikuwa na kasoro. Programu ya ulinzi ilitayarishwa kupokea mambo 20, faili likataja la 21. Programu ikaenda kulitafuta pasipo pake katika kumbukumbu ya mashine. Na kwa vile ilikwisha pewa nafasi katika moyo wa Windows, ilipoanguka ilianguka nao. Faili liliondolewa baada ya dakika 78 tu. Walakini kompyuta milioni 8 na nusu, kwa hesabu ya Microsoft, zilikuwa zimekwisha patikana: zikatoa kioo cha buluu, zikijizima na kujiwasha bila ya kufika pale penye picha za majalada ambapo mtu huanzia kazi. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000.

Linalotupasa kulizingatia ni hili, kwamba nyaraka zilizokuwamo ndani ya mashine hizo hazikuguswa. Dawa ilikuwa kuiwasha kompyuta katika hali ya usalama, yaani kwa vile vitu vichache isivyoweza kuishi bila navyo, kulifuta faili moja ambalo jina lake lilianza na C-00000291, na kuiwasha tena. Kazi ya dakika chache. Lakini mashine inayokufa kabla ya kuufikia mtandao haiwezi kupelekewa dawa kwa waya. Ilibidi watu waende kwa miguu, meza baada ya meza.

Maofisini mwetu ugonjwa huu aghalabu huwa na sababu nyingine: umeme umekatika katikati ya marekebisho, au diski imechakaa. Ikigoma mashine, hukumu ya kwanza inayosikika ni kwamba "ipigwe Windows upya". Hukumu hiyo ikitekelezwa ovyo hufuta kila kilichomo. Hapana ofisa atakayeruhusu masijala ichomwe moto kwa sababu kitasa cha mlango kimeharibika. Kwa nini basi aruhusu kwa kompyuta yenye orodha ya mishahara?

Yafaa kwanza flashi na vyombo vyote vilivyochomekwa viondolewe, kwani mara nyingine mashine hujaribu kuwakia kwenye flashi iliyosahauliwa. Ikiwa imekwisha pokea neno la siri na kioo kikabaki cheusi, zibonyezwe kwa pamoja Ctrl, Alt na Delete, ifunguliwe Task Manager, iandikwe kazi mpya kwa jina explorer.exe, pengine uwanja wa kazi utatokea papo hapo, na aliyekuwa akitayarisha barua ya kuomba mashine mpya ataichana. Isipofika hata hapo, Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hujifungulia yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo mna njia ya kuiendea hali ya usalama, na njia ya kuyaondoa marekebisho yaliyoingia mwisho. Yote hayo yakishindikana, diski hufunguliwa ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine, majalada yakanakiliwa. Kufuta ni baada ya kunakili. Na diski inayolia kwa kugonga isiendelee kuwashwa kwa majaribio, apelekewe mjuzi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo viongozi wa idara ndio wenye dhamana nalo. Diski za kompyuta nyingi za siku hizi hufungwa kwa kufuli la BitLocker, ambalo ufunguo wake wa akiba ni tarakimu 48. Ikiwa diski imefungwa hivyo, fundi asiye na tarakimu hizo hasomi kitu, awe hodari namna gani. Mwaka ule wa 2024 mafundi wengi walikwama hapo, na wapo waliokuwa wamezihifadhi tarakimu ndani ya kompyuta ambayo nayo haikuwaka.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Mashine mpya ikifunguliwa kwa mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi hujifunga yenyewe, na ufunguo huenda kuhifadhiwa katika akaunti hiyo. Ikiwa aliyeifungua ni fundi wa kukodiwa, akatumia akaunti yake binafsi, basi ufunguo wa majalada ya serikali uko kwake, hata akihamia ng'ambo. Wakuu wa idara na waulize wiki hii, mashine kwa mashine, tarakimu hizo ziko wapi. Nazo ziandikwe karatasini, karatasi iwekwe ndani ya sefu, pamoja na nambari ya mashine yenyewe.